Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Wageni wa Hôtel des Mille Collines, Kigali

Utangulizi

Mwaka jana nilifanya mafunzo kwa vitendo kwa miezi miwili katika mapokezi ya hoteli moja kuukuu hapa Kigali. Siitaji jina, kwa sababu haikuwa mbaya kuliko nyingine za umri wake. Wageni wake walikuwa watu wa semina, wahasibu, mawakala wa mashine na watu wa miradi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupokea funguo na kusikiliza malalamiko. Maji ya moto hayafiki ghorofa ya tatu. Simu ya chumbani haitoi sauti. Mlango haufungi mpaka uusukume kwa bega. Niliyaandika yote katika daftari lenye jalada jeusi, na fundi alipopita na bisibisi yake aliweka alama ya vema mbele ya yale aliyoyaweza.

Siku za mwisho, kazi ilipopungua, nilianza kulisoma daftari lile tangu ukurasa wa kwanza. Niligundua kwamba lilikuwa hati ya historia. Lilikuwa na tarehe, namba za vyumba, na zaidi ya yote lilionyesha kile ambacho mgeni wa kila kipindi aliamini kuwa ni haki yake. Hapo ndipo nilipopata wazo la insha hii: je, tunaweza kuandika historia ya hoteli kwa kufuata wageni wake, badala ya kufuata wamiliki na mameneja?

Nimechagua Hôtel des Mille Collines, hoteli ya wafanyabiashara inayojulikana kuliko zote nchini Rwanda. Hoja yangu ni kwamba tangu mwaka 1973 hoteli hiyo imepokea aina tatu za wageni, na kwamba maji, simu na mlango, mambo yale yale niliyokuwa nikiyaandika katika daftari, ndiyo yanayotuonyesha tofauti kati yao.

Wageni wa kwanza, 1973 hadi 1994

Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, Kigali ilikuwa mji mdogo sana. Ilichaguliwa kuwa makao makuu kwa sababu iko katikati ya nchi, si kwa sababu ilikuwa na majengo. Nchi changa iliyotaka mabalozi, wataalamu na wawekezaji ilihitaji mahali pa kuwalaza. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1973 ikiwa mali ya Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kueleweka: shirika lile lile lililokuleta kutoka Brussels lilikupa na kitanda cha kulala. Hoteli ina ghorofa tano, vyumba 112, na bwawa la kuogelea bustanini. Jina lake linatokana na sifa ya Rwanda ya kuwa nchi ya vilima elfu.

Mgeni wa miaka hiyo alikuwa mtu mwenye pasipoti na mkoba wa ngozi. Alikuja kutoka Benki ya Dunia, kutoka ubalozi au kutoka kampuni ya ujenzi. Jioni walikutana kando ya bwawa: wataalamu wa kigeni, maofisa wa jeshi, mawaziri, waandishi wa habari. Mahali pale palikuwa na nafasi katika siasa ya mji, kiasi kwamba mwandishi wa Quebec, Gil Courtemanche, alipochapisha riwaya yake kuhusu Rwanda mwaka 2000, bwawa hilo aliliweka hata katika jina la kitabu.

Mjomba wangu aliendesha teksi miaka hiyo. Alikulia Biryogo, mtaa ambao Kiswahili kimezungumzwa tangu enzi za ukoloni, na kwa Kiswahili hicho alijipatia abiria waliotoka Goma, Bujumbura na Mombasa. Aliegesha gari nje ya lango la hoteli kwa miaka minne. Nilimwuliza ndani kulikuwaje. Akacheka. “Mwanangu, mimi naijua hoteli ile mpaka kwenye lango. Unaniuliza wageni walilala vipi. Kwanza uliza ni nani aliyeruhusiwa kuingia.”

Jibu hilo lilibadilisha insha yangu. Mwananchi wa kawaida hakuwa mgeni wa Mille Collines. Alikuwa dereva, mpishi, mfua nguo, mtunza bustani, au hakuwa chochote.

Wageni wanaondoka

Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyombeba Rais Juvénal Habyarimana pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, ilidunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Usiku huo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, na pamoja naye wakauawa askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa.

Majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yalifika haraka, lakini yalikuja kuwachukua raia wa kigeni. Katika siku chache, wageni wenye pasipoti na mikoba ya ngozi waliondoka. Meneja wa hoteli, raia wa Uholanzi, naye aliondoka. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa, kilichoongozwa na Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, hadi watu 270.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inadai kwamba kuja kwa mgeni ni neema kwa mwenye nyumba. Aprili 1994 iliionyesha kwa upande wake wa pili: mgeni alipoondoka, mwenyeji aliachwa na wauaji wake. Na wenyeji wale ambao zamani walilijua lango tu, sasa ndio waliopanda ngazi kutafuta hifadhi. Hao ndio aina ya pili ya wageni.

Maji, simu na mlango

Waliojihifadhi hotelini walizidi elfu moja. Tukigawa idadi hiyo kwa vyumba 112 tunapata karibu watu tisa kwa kila chumba, na wengi walilala kwenye korido na kumbi. Walikuwa Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga serikali. Wengine walikuwa na majina makubwa au jamaa wenye uwezo. Wengine waliletwa na watu wenye ujasiri kama Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa, aliyewapitisha watu wachache wachache vizuizini ndani ya gari lake. Diagne aliuawa na kombora tarehe 31 Mei 1994.

Nilipokuwa nikisoma masimulizi ya manusura, daftari langu jeusi lilinirudia akilini.

Maji yalikatwa. Watu walichota maji ya bwawa la kuogelea, yakagawiwa kwa kipimo, ya kunywa na ya kupikia. Bwawa lililojengwa kwa ajili ya starehe ya wachache likawa kisima cha watu elfu.

Simu nazo zilikatwa, lakini kwa mujibu wa masimulizi, laini moja ya faksi haikupitia ubao wa simu wa hoteli, na wauaji hawakuijua. Usiku watu walipanga foleni kupiga simu Brussels, Paris na kwingineko, kueleza kwamba bado wako hai na kuomba msaada. Mwandishi wa habari Thomas Kamilindi alihojiwa kwa simu na chombo cha habari cha Ufaransa akiwa ndani ya hoteli, na baadaye wanajeshi walikuja kumtafuta. Maneno yaliyopita katika waya ule yaliweza kuokoa, na yaliweza pia kumgharimu msemaji maisha yake.

Mlango ulikuwa jambo gumu kuliko yote. Nje kulikuwa na walinzi wachache wa Umoja wa Mataifa waliokatazwa kupigana isipokuwa kwa kujihami. Tarehe 3 Mei msafara wa kwanza uliotoka hotelini kuelekea uwanja wa ndege ulisimamishwa njiani, abiria wakapigwa na kujeruhiwa, ukalazimika kurudi. Redio RTLM, ambayo kwa bahati mbaya ilibeba jina lile lile la vilima elfu, iliendelea kuchochea mauaji hewani. Ni baada ya makubaliano ya kubadilishana raia kati ya pande mbili zilizopigana ndipo wakimbizi walianza kutolewa mwishoni mwa Mei, mpaka hoteli ikabaki tupu mwezi Juni.

Kwa nini walinusurika?

Hapa mwanafunzi wa historia anapaswa kwenda polepole. Makanisa mengi yalivamiwa. Nyamata na Ntarama yamebaki kuwa makumbusho ya maelfu waliouawa ndani yake. Kwa nini hoteli haikuvamiwa vivyo hivyo?

Filamu ya mwaka 2004 ya Terry George ilitoa jibu la mtu mmoja. Paul Rusesabagina, aliyekuwa meneja wa Hôtel des Diplomates na kisha akashika uongozi wa Mille Collines, anaonyeshwa akiwaokoa watu kwa hekima yake. Wapo manusura wanaothibitisha kwamba alisaidia. Wapo pia manusura waliopinga hadharani, wakisema kwamba watu walidaiwa malipo ya vyumba na chakula, na kwamba sifa za wengi zilipewa mmoja. Sina nafasi ya kuhukumu shauri hilo katika kurasa hizi, wala umri wangu hauniruhusu kusema nililiona.

Ninachoweza kufanya ni kupanga sababu ambazo pande zote zinazitaja. Kwanza, hoteli ilikuwa mali ya kampuni ya Ulaya, na uongozi wake Brussels ulijua yanayotokea. Pili, wapigaji simu waliifanya isiwe mahali pa kuulia kwa siri. Tatu, walinzi wa Umoja wa Mataifa, hata wakiwa wachache, walikuwa mashahidi. Nne, RPF nayo ilikuwa na raia wengi katika eneo lake, pakiwemo uwanja wa Amahoro, na hilo ndilo lililowezesha kubadilishana. Tano, wakubwa wa jeshi waliendelea kuja hotelini, na bado walijali jina lao mbele ya nchi za nje.

Sababu hizi zina kitu kimoja kinachozifunga: zote zinategemea macho ya mtu wa nje. Waliokuwa Nyamata hawakuwa na laini ya faksi. Sisemi hivi kupunguza mateso ya waliokuwa hotelini. Nasema ili tusije tukaamini kwamba waliokufa makanisani walikosa tu meneja hodari.

Mgeni wa tatu

Sabena ilifilisika Novemba 2001. Hoteli ikauzwa, ikakarabatiwa, na uendeshaji wake ukapita katika mikono kadhaa. Wakati huo huo Kigali ilipata hoteli mpya. Pale ilipokuwa Hôtel des Diplomates leo ipo Serena. Radisson Blu na Marriott zilifunguliwa mwaka 2016. Mfanyabiashara wa leo ana pa kuchagua, na jengo la mwaka 1973 linashindana kwa taabu na kioo na lifti za kisasa.

Lakini Mille Collines inaye mgeni ambaye wengine hawana. Anakuja kwa sababu aliiona filamu. Nilikwenda pale na mwanafunzi mwenzangu Jumamosi moja, tukanunua soda mbili kando ya bwawa, nazo zilimaliza posho yangu ya wiki. Meza ya jirani walikuwa watalii wawili. Mmoja alimwuliza mhudumu mbona jengo halifanani na lile aliloliona. Mhudumu alimjibu kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi, kwamba filamu ilipigwa zaidi Afrika Kusini. Mgeni akatikisa kichwa, akaonekana amepunjwa.

Nilifikiri: huyu naye ana lalamiko lake. Zamani mgeni alilalamika kwamba maji hayana moto. Huyu analalamika kwamba historia haifanani na picha. Tulipotoka tulipita kwenye jiwe la kumbukumbu la wafanyakazi waliouawa mwaka 1994. Watalii wale hawakulifikia. Katika jengo hilo wageni wameandikwa sana, na waliotandika vitanda wameandikwa kidogo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Mille Collines imekuwa na wageni wa aina tatu: aliyekuja kufanya kazi, aliyekuja kuponea, na anayekuja kukumbuka. Wa kwanza aliondoka mapema, wa pili hakuwahi kuandikwa katika kitabu cha mapokezi, na wa tatu mara nyingi huja akiwa na majibu tayari.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, nasi tunaokisoma huulizwa kitatusaidia nini. Mimi nina jibu moja. Wapishi, madereva na wafua nguo wa miaka ile wanazeeka. Wengine wako Kigali, wengine Bujumbura, Bukavu na Kampala, na wengi wao wanaweza kusimulia kwa lugha hii bila mkalimani. Insha hii imetegemea zaidi maneno ya wageni wa hoteli. Inayofuata ingefaa ianze na wale waliobaki langoni. Mjomba wangu ameahidi kunitafutia wawili, na mmoja, anasema, bado anayo sare yake.