Urithi wa Kilwa katika chapa za wajasiriamali: sarafu, saa na matakwa ya sheria

Mjasiriamali anayetaka kubuni saa ya mkono, kidani au kitambaa chenye alama ya urithi wa Taifa ana hazina kubwa katika Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa humo kutokana na kazi ya uhifadhi. Hazina hiyo hata hivyo inalindwa kwa sheria, na chapa inayojengwa juu yake haina budi kuzingatia mipaka iliyowekwa.

Sarafu za Kilwa

Miongoni mwa alama zinazofaa kutumiwa katika ubunifu ni sarafu za masultani wa Kilwa. Nyingi zilitengenezwa kwa shaba. Upande mmja una jina la mtawala na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimeandikwa kwa Kiarabu chenye vina. Baadhi ya sarafu hizo zina jina la al-Hasan bin Sulaiman, mtawala anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa, ambaye Ibn Battuta alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Mtawala huyo huyo alitoa pia sarafu za dhahabu, ambazo zimebaki chache mno.

Sarafu za shaba za Kilwa kwa kawaida hazina tarehe. Kwa hiyo umri wake hujulikana kutokana na mahali zilipolala ardhini na vitu vilivyokutwa pamoja nazo. Mfano ni Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ambako mwaka 1984 ilipatikana akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha za watawala wa pwani. Pamoja nazo zilikuwamo sarafu za dhahabu za kigeni zenye tarehe, na hizo ndizo zilizowawezesha watafiti kuiweka akiba hiyo katika karne ya 11.

Mfano wa kinyume uko mbali zaidi. Mwaka 1944 askari wa anga wa Australia aliokota mchangani, katika Visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, sarafu kadhaa zikiwamo 5 za Kilwa. Kwa kuwa hazikufukuliwa kitaalamu, hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje huko. Sarafu iliyong'olewa ardhini bila kumbukumbu hubaki kipande cha shaba tu. Habari iliyokuwa nayo hupotea na hairudi tena.

Matakwa ya Sheria ya Mambo ya Kale

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kama ilivyorekebishwa, inahesabu kuwa malikale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Sarafu za masultani wa Kilwa zimo katika kundi hilo. Kuchimba bila leseni na kusafirisha malikale nje ya nchi bila kibali ni makosa. Anayegundua kitu cha aina hiyo anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka husika bila kuchelewa.

Mkazi wa Tingi, Kivinje au Masoko anayeokota sarafu shambani au ufukweni anashauriwa kuiacha ilipo, kuweka alama mahali hapo na kutoa taarifa. Asiisugue wala kuiuza kwa mgeni. Mbunifu naye hana haja ya kuwa na sarafu halisi: anaweza kuchora upya umbo lake akitumia picha za machapisho ya kitaalamu au zilizohifadhiwa katika makumbusho.

Saa kama kielelezo cha urithi

Kutumia sarafu katika saa si jambo geni duniani. Kampuni ya Corum ya Uswisi imekuwa ikitengeneza saa ya aina hiyo tangu mwaka 1964, uso wake ukiwa sarafu ya dhahabu ya Marekani ya dola 20. Sarafu hiyo ilikuwa fedha halali, si malikale. Kwa sarafu ya Kilwa njia inayokubalika ni kutengeneza nakala na kuitambulisha wazi kuwa ni nakala.

Mbunifu wa Pwani ana urithi mwingine usiohitaji kibali cha mtu: hesabu ya saa ya Kiswahili. Siku huanza kuhesabiwa kunapopambazuka, hivyo saa 7:00 ya kimataifa ni saa moja asubuhi. Tofauti hiyo ya saa 6 ni nusu ya mzunguko wa uso wa saa. Mtengenezaji akiiweka tarakimu ya 12 mahali pa 6, na nyingine zikifuata kwa mpangilio, akrabu zitasomeka Kiswahili bila kubadili mashine ya ndani.

Kulinda chapa

Kusajili jina la biashara hakutoshi kuilinda chapa. Alama ya biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Saa na vito viko daraja la 14, nguo daraja la 25. Maombi yakikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Zanzibar ina usajili wake, hivyo anayeuza pande zote mbili za Muungano husajili kote.

Neno “Kilwa” peke yake ni jina la mahali na halitofautishi bidhaa ya mtu mmoja na ya mwingine. Ni vyema liambatane na mchoro au neno la pekee. Bendera na Nembo ya Taifa zina sheria yake na hazitumiki kibiashara bila idhini.

Aidha, maelezo ya asili ya bidhaa yawe ya kweli. Nchini Uswisi, tangu Januari 2017, saa haiandikwi kuwa ya Uswisi iwapo angalau asilimia 60 ya gharama za utengenezaji hazikutumika nchini humo. Mjasiriamali wa Kilwa anayeagiza mashine ya saa kutoka nje na kutengeneza mkanda na kisanduku cha mpingo nyumbani aandike hivyo hivyo.

Ushauri wa kitaalamu kwa viwanda vidogo hutolewa na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973. Kuhusu malikale, wananchi wawasiliane na ofisi ya Mkuu wa Wilaya au na wahifadhi wa magofu hayo.