Mguu wa Kuigiza

Miaka michache baada ya 403 K.K., mtu mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa alisimama mbele ya Baraza la Watu Mia Tano mjini Athens kutetea oboli moja. Oboli ilikuwa sehemu ya sita ya drakma, na drakma ndiyo iliyokuwa ujira wa fundi kwa siku. Mji ule ulikuwa na desturi ya kuwapa walemavu maskini posho hiyo ndogo kila siku, na Baraza ndilo lililowakagua wenye kuipokea. Sasa Mwathene mwenzake alikuwa amemshtaki: huyu si mlemavu, ana nguvu zake, ana kazi yake ya mikono, tena anapanda farasi.

Utetezi wake tunao hadi leo, na kila ninapousoma nacheka. Anasema ni kweli anapanda farasi, kwa kuwa safari ndefu zinamshinda, lakini ni farasi wa kuazima. Angekuwa na mali angejinunulia nyumbu mwenye tandiko la kukalia kwa starehe. Kama farasi ni dalili ya uzima, mbona mshtaki hataji zile fimbo mbili, maana wenzake hutembea na moja tu? Na ikiwa yeye ni mzima kweli, basi jina lake litiwe katika kura ya wakuu tisa wa dola, cheo ambacho mlemavu hakuruhusiwa kukishika, na ile oboli apewe mshtaki, kwani bila shaka ndiye kilema.

Maneno hayo hakuyatunga mwenyewe. Sheria ya Athens ilimtaka kila mtu ajitetee kwa kinywa chake, lakini haikumzuia kununua hotuba, na hii tumeipokea kama kazi ya Lysias, mwandishi wa hotuba za kulipiwa, mtoto wa mgeni aliyetoka Syracuse. Maskini wa oboli moja alimlipaje mtu maarufu namna ile? Wapo wataalamu wanaoshuku kwamba hotuba hii ni zoezi la uandishi tu. Mimi naelekea kuamini kwamba ni ya kweli, kwa sababu ya zile fimbo mbili. Mtu anayefanya mazoezi ya kuandika angebuni kitu cha kuhuzunisha zaidi. Basi tuseme ni ya kweli. Mtu huyu aliyapokea maneno ya mwenzake, akayakariri, akaja kuyasema mbele ya watu, akicheza nafasi yake mwenyewe, huku watazamaji wakipima kama ulemavu wake unatosha. Kwa hesabu yangu huyu ndiye mwigizaji mlemavu wa kwanza wa Athens.

Ukumbi wa michezo wenyewe haukuwa mbali. Ulikuwa kwenye mteremko wa kusini wa mlima wa Acropolis, nao ulikuwa umejaa viwete na vipofu. Nasema jukwaani, si kwenye viti. Mwaka 409 K.K. Sophocles, mzee aliyekwisha kupita miaka 80, alionyesha pale mchezo wake wa Philoctetes akapata tuzo ya kwanza. Philoctetes ni askari aliyeumwa na nyoka mguuni akiwa njiani kwenda vita vya Troy. Kidonda kilinuka, na makelele yake ya maumivu yalivuruga sadaka za wenzake. Basi wakamwacha amelala katika kisiwa cha Lemnos, wakatweka tanga wakaenda zao. Baada ya miaka kumi wanaambiwa kwamba Troy haitatekwa bila yeye na upinde wake aliorithi kwa Heracles. Ndipo Odysseus anaporudi kisiwani, si kuomba radhi bali kuiba upinde, naye anamtanguliza kijana Neoptolemus, mwana wa Achilles, akaseme uongo kwa niaba yake.

Aeschylus na Euripides walikuwa wamekwisha kuiandika hadithi hiyohiyo, na katika michezo yao korasi ilikuwa ya wenyeji wa Lemnos. Sophocles aliwafuta wenyeji wote. Kisiwa chake ni mawe, pango, ndege na bahari, na mtu anayeburuta mguu kwenda kutafuta chakula. Nadhani alielewa jambo ambalo waliomtangulia hawakulitilia uzito: kwamba kidonda kilikuwa cha nyoka, lakini upweke ule ulifanywa na watu. Kuna mahali maumivu yanampanda Philoctetes mbele ya macho yetu, anapiga kelele, anamkabidhi kijana upinde, kisha usingizi unamshika. Upinde umepatikana. Kwa Odysseus hilo latosha kabisa, na hapohapo ndipo Neoptolemus anapotambua kwamba upinde bila mwenyewe si kitu. Baadaye anaurudisha. Waliokuwa wakitazama walikuwa watu wa vita iliyoanza 431 K.K.; miaka minne tu kabla ya onyesho walikuwa wamepoteza jeshi zima huko Sisilia. Si vigumu kufikiri kwamba miongoni mwao walikuwamo wenye fimbo.

Lakini mguu ule wa jukwaani ulikuwa wa nani? Waigizaji wenye kusema katika tamthilia ya huzuni walikuwa watatu tu, wote wanaume waliofunzwa sauti na mwendo, na mmoja aliweza kuvua kinyago nyuma ya jukwaa akarudi kuwa mtu mwingine. Katika mchezo huu mmoja alibeba watu kadhaa, hata Heracles anayeshuka mwishoni kutoa amri. Kwa utaratibu huo ulemavu ulikuwa sehemu ya mavazi: ulivaliwa, ukavuliwa. Kumbukumbu za kale zinataja kinyago cha Thamyris, mwimbaji aliyepofushwa na miungu, kilichokuwa na jicho moja la kijivu na jingine jeusi. Upofu ulitundikwa ukutani pamoja na kinyago.

Aristophanes, ambaye hakumwachia mtu, alilifanyia mzaha jambo hili mwaka 425 K.K. katika mchezo wake wa Waakarnia. Mkulima mmoja anataka kuzungumza na umati wenye hasira, basi anakwenda nyumbani kwa Euripides kuazima matambara ya kutia huruma. Euripides anamtajia viwete wake mmoja mmoja, kama muuza mitumba anayepekua robota, mpaka wanafika kwa Telephus, mfalme aliyejifanya ombaomba. Kichekesho kizuri sana. Ila mji uliozoea kuuona uchechemeaji kama nguo ya kuazima, si ajabu ukimtazama mtu wa fimbo mbili mbele ya Baraza na kuuliza ameziazima wapi.

Sisi nasi tuliigiza hivyohivyo. Mwaka 1971 ilitoka tafsiri ya S. S. Mushi iitwayo Mfalme Edipode, na miaka michache baadaye shule niliyosoma iliamua kuucheza mchezo huo. Jina la mfalme huyo kwa Kigiriki lina maana ya mguu uliovimba, kwa kuwa alipokuwa mchanga alitobolewa vifundo vya miguu akapelekwa kutupwa mlimani. Alikuwapo mwenzetu aliyetembea kwa magongo tangu utotoni kwa sababu ya polio, naye ndiye aliyekijua kitabu chote kwa moyo. Akapewa kazi ya kukaa nyuma ya pazia kuwanong'oneza waliosahau maneno. Nafasi ya mfalme alipewa mkimbiaji wa mita 400, ambaye ilibidi afundishwe kuchechemea. Na aliyemfundisha ni nani? Yule wa nyuma ya pazia. Hakuna aliyeona ajabu, wala mwalimu wala sisi. Miaka mingi baadaye nilimwuliza mwenzetu huyo aliuonaje mchezo wetu. Akasema jamaa alijitahidi, ila kila alipotoka na kurudi alikuwa amesahau ni mguu upi.

Na lugha yetu isijione safi. Kipofu, kiziwi, kiwete na kilema tumewaweka katika ngeli moja na kiti na kisu, ingawa tunapotunga sentensi tunawarudishia ile "a" yao ya watu.

Turudi Ugiriki, mahali paitwapo Epidaurus, ambako umesimama ukumbi wa mawe wa karne ya nne K.K. unaosifiwa kuliko kumbi zote za kale. Wengi huusifu kwa jinsi sauti inavyosikika hadi ngazi za juu. Kinachosahauliwa ni kwamba ulijengwa katika eneo takatifu la Asclepius, mungu wa uganga, ambako wagonjwa, viwete na vipofu walilala usiku wakingoja kuponywa katika ndoto. Mwaka 2020 mwanaakiolojia wa Marekani, Debby Sneed, alionyesha kwamba katika eneo hilo kulikuwa na njia za mteremko wa mawe 11 kwenye majengo tisa, na akashikilia kwamba zilijengwa kwa kuwafikiria wasioweza kupanda ngazi. Basi mafundi wa zamani zile walijua kumpokea mlemavu kama mgonjwa. Kumpokea kama mwigizaji lilikuwa jambo jingine, na Wagiriki wa leo wamelianza juzijuzi tu.

Mwaka 1983 lilianzishwa Jumba la Tamthilia la Viziwi la Ugiriki, linalocheza kwa lugha ya alama. Ukifikiri vizuri, mwigizaji kiziwi si mgeni katika jukwaa la Kigiriki. Mwigizaji wa kale uso wake ulikuwa nyuma ya kinyago na watazamaji walikaa mbali. Mikono na mwili ndivyo vilivyokuwa uso wake. Hata hivyo ilichukua mpaka 2017 sheria ya nchi kuitambua lugha ya alama ya Kigiriki kuwa sawa na Kigiriki chenyewe. Kule Thessaloniki, mwaka 2008, lilizaliwa kundi la En Dynamei, ambalo vijana wenye ulemavu na wasio nao hutunga na kucheza pamoja. Mwaka 2010 Vasilis Oikonomou akaanzisha Athens kundi la THEAMA, jina lenye maana ya "onyesho", lililofupishwa kutoka maneno yasemayo tamthilia ya watu wenye ulemavu.

Makundi haya yalihitajika kwa sababu mlango wa kawaida ulikuwa umefungwa. Kwa miaka mingi kanuni za shule za uigizaji za Ugiriki zilimtaka mwombaji awe na viungo kamili. Wagiriki wana neno zima la sharti hilo, artimeleia, nalo lilidumu hadi miaka ya karibuni ndipo likafutwa. Ukilitazama, ni sharti lilelile ambalo mtu wa oboli alilifanyia dhihaka alipoomba atiwe katika kura ya wakuu tisa.

Wapo wasemao kwamba sasa Philoctetes achezwe na mwenye mguu mbovu, Oedipus na kipofu, na haki itakuwa imetendeka. Nawaelewa, na ningelipa kiingilio. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumempa mlemavu nafasi ya kulia tu. Mimi ningependa kumwona mwenye magongo akicheza Odysseus, yule mjanja anayekaa pembeni na kuwatuma wengine, ambaye silaha yake yote ni ulimi. Mtu wa fimbo mbili angeimudu bila kufundishwa.