Kabati linaloweza kukimbia: historia fupi ya vyombo vyetu Goma



Jumamosi iliyopita nilileta nyumbani kabati la nguo, garde-robe kama wengi wetu tunavyosema, lile la milango miwili inayosukumwa pembeni. Nililinunua kwa familia moja iliyokuwa inahama. Lilifika kwa chukudu, na halikuwa kabati bado. Yalikuwa mafungu matatu ya mbao bapa yaliyofungwa kwa kamba za mpira, pamoja na mfuko wa plastiki wenye skrubu. Kijana wa chukudu aliangalia mzigo akaniuliza: «Papa, unajenga nyumba?» Nikamwambia hapana, ni kabati. Akacheka, kisha akasema: «Basi hili linaweza kukimbia.»

Kwa mtu wa Goma neno hilo si mzaha. Baba yangu alikuwa na kabati ambalo halikuweza kukimbia. Fundi alilitengenezea ndani ya chumba, kwa mbao ngumu, kwa misumari mirefu na gundi. Lilikuwa pana kuliko mlango. Tulikuwa tunajivunia jambo hilo: mwizi hawezi kulitoa. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka, na lava ikashuka mpaka katikati ya mji na kuingia ziwani, tuligundua kwamba hata mwenyewe hawezi kulitoa. Mama alibeba nguo kwa shuka, baba akabeba godoro, sisi watoto sufuria na bidoni, tukafuata watu kwenda Gisenyi. Tuliporudi baada ya siku chache, tukikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa na moto chini, hatukukuta nyumba wala kabati. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao mwaka ule. Katika kila familia kuna kitu kimoja kinachotajwa hadi leo: cherehani, kitanda cha arusi, kabati.

Tangu zamani mji huu umejengwa kwa akili ya kufungua na kufunga. Mgeni anayefika anashangaa kuona nyumba nyingi za mbao juu ya mawe meusi. Anadhani ni umaskini tu. Umaskini upo, lakini kuna sababu nyingine. Kuchimba msingi ndani ya lava ni kazi ya nyundo na jasho, na wengi hawana hati ya kiwanja. Nyumba ya mbao hukaa juu ya mawe yaliyopangwa. Mwenye kiwanja akikufukuza, unang’oa mabati, unang’oa mbao moja moja, unapakia kwenye chukudu, na kufika jioni nyumba imesimama mtaa mwingine. Baada ya 2002 familia nyingi zilisaidiwa kwa njia hiyo hiyo: mbao, mabati, misumari. Mtu alipokea nyumba ikiwa mzigo, akaiunganisha mwenyewe.

Na ukirudi nyuma zaidi, utaona kwamba eneo letu lote limejua mambo haya kabla ya maduka ya Ulaya kuyafanya biashara. Kabla ya barabara na reli, kila kitu kilichoingia bara kutoka pwani kilipanda kichwani au begani kwa mpagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Kitu kisichogawanyika katika mizigo ya namna hiyo hakikufika. Stanley alipotoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874, alikuwa na mashua iitwayo Lady Alice, iliyotengenezwa kwa vipande. Wapagazi waliibeba vipande vipande hadi ziwa Victoria, ikaunganishwa, ikasafiri, ikafunguliwa tena, ikabebwa hadi Tanganyika na baadaye mto Kongo. Vitabu vinamsifu Stanley. Mimi nawafikiria wale waliokuwa chini ya vipande, na yule aliyetunza boliti zisipotee njiani, maana bila boliti mashua ni kuni tu.

Mfano mkubwa kuliko wote unagusa jina ambalo Goma inapaswa kulijua. Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen, alipita huku akielekea magharibi, akapanda mlima Nyiragongo na kufika ziwa Kivu. Baadaye akawa gavana wa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Meli moja ikapewa jina lake. Ilijengwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa yote, ikawekwa katika masanduku kama 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma. Mafundi watatu kutoka Papenburg, pamoja na wafanyakazi wengi wa Kiafrika ambao majina yao hayakuandikwa, waliiunganisha upya kando ya ziwa. Iliteremshwa majini Februari 1915, wakati vita vimeshaanza.

Mwaka uliofuata Wajerumani walipokimbia, mafundi hawakuivunja. Walipaka mashine mafuta mazito ya grisi, kisha wakaizamisha polepole. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mashine bado nzima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Imebeba watu wa Tanganyika miaka mingi sana, pamoja na wakimbizi wa Kongo na Burundi. Ninapotafakari habari hii, sikumbuki sana yale masanduku 5,000. Ninakumbuka ile grisi. Mtu aliyekuwa anakimbia alichukua muda wa kupaka mafuta kitu ambacho hakujua kama atakiona tena.

Huko Ulaya, vyombo vya nyumbani vilichukua njia hiyo kwa sababu ya pesa. Michael Thonet wa Vienna alitoa kiti chake namba 14 mwaka 1859: vipande sita vya mbao, skrubu kumi, nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja kila upande. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1956, Gillis Lundgren, mfanyakazi wa IKEA huko Uswidi, alishindwa kuingiza meza ndani ya gari, akaondoa miguu yake. Hapo kampuni ikaona kwamba inaweza kuuza meza bila kusafirisha hewa iliyo chini yake. Mengine ni hesabu ya kontena. Kabati lililosimama linabeba hewa tupu. Mbao bapa zinalala moja juu ya nyingine. Ndiyo maana makabati ya China na Dubai yanafika kwetu yakiwa makaratasi na vipande, kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Muuzaji ameokoa nauli, na kazi ya seremala ameiacha kwako wewe mnunuzi.

Na kazi hiyo si ndogo. Mimi na kaka mdogo tulianza saa nane mchana tukamaliza usiku, kwa taa ya simu, maana umeme ulikatika. Nitaeleza pale tulipokosea, kwa faida ya wengine.

Kabati la milango ya kawaida linasamehe, lakini la milango ya kusukuma halisamehi. Kila mlango una magurudumu madogo yanayotembea kwenye reli ya chini, na reli nyingine juu inauongoza. Kama sanduku la kabati limepinda hata kidogo, mlango unakwama au unaacha pengo upande mmoja. Kwa hiyo kabla ya kupigilia ubao mwembamba wa mgongo, pima kwa mita kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, kabati limenyooka. Sisi tulipigilia kwanza, tukapima baadaye. Ikabidi kung’oa misumari midogo yote.

Kosa la pili lilikuwa la Goma kabisa. Sakafu yetu ni saruji nyembamba juu ya lava, na lava haikujua habari za pimamaji. Tulisimamisha kabati, tukatia milango, na milango yote miwili ikakimbilia kushoto yenyewe, kama inataka kurudi ilikotoka. Tulitia vipande vya ubao chini ya pembe moja mpaka ikatulia. Mwenye nyumba ya mbao apime hata kimo cha dari: kabati lililounganishwa likiwa limelala chini linahitaji nafasi zaidi ili kuinuka kuliko likiwa limesimama.

Jambo la tatu si la kuchelewesha. Mwezi Mei 2021, baada ya mlipuko wa tarehe 22, ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, kuta zikapasuka hapa na Gisenyi. Kabati refu lisiloshikwa ukutani huanguka, na milango ya kusukuma ni mizito. Lishikeni kwa chuma cha pembe na skrubu. Katika nyumba ya mbao, skrubu iingie kwenye nguzo, si kwenye ubao wa ukuta.

Sasa, je, kijana wa chukudu alikuwa na haki? Linaweza kukimbia?

Nimelifikiria sana. Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021 gavana wa kijeshi alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamishwe. Watu walijaa barabara ya Sake, wengine wakapanda mashua za kwenda Bukavu, wengine wakavuka kwenda Rwanda. Sikuona mtu hata mmoja aliyebeba kabati. Kufungua kabati kama langu kunahitaji saa nzima na zaidi, na akili tulivu. Lava haikupi saa hiyo. Risasi ndiyo kabisa. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouchukua mji, watu wa kambi na wa mitaa walikimbia na mtoto mgongoni na bidoni mkononi, kama sisi mwaka 2002.

Lakini kuna safari nyingine ambazo hazihesabiwi sana: za kurudi, na za kuhamia chumba kidogo kwa sababu kodi imepanda. Februari ile ile kambi za Bulengo, Lushagala na nyingine zilipokuwa zinaondolewa, niliona familia zikifungua vibanda vyao kwa utaratibu. Fito upande mmoja, maturubai yamekunjwa, kamba zimeviringishwa. Hakuna aliyewafundisha kwa karatasi ya maelezo. Katika safari hizo, kitu cha kufungua kina faida kubwa. Yule aliyekuwa na kitanda cha boliti alirudi nacho Masisi au Rutshuru, na aliyekuwa na kitanda cha misumari alikiuza kwa bei ya kuni.

Hapa nina neno kwa mafundi wetu. Kabati la kiwandani limetengenezwa kwa unga wa mbao uliobanwa na gundi. Linavumilia kufunguliwa mara mbili, labda tatu, halafu matundu ya skrubu yanapanuka na hayashiki tena. Likilowa mvua njiani linavimba kama mkate. Lakini seremala wa Goma ana mbao za kweli, na tayari anajua kuunganisha nyumba inayohamishika. Kwa nini kabati bado analipigilia misumari kama vile mteja hatahama kamwe? Tia boliti nne kila upande, andika namba kwenye kila ubao, upate kabati linalofunguliwa mara kumi. Kuna mafundi wachache walioanza. Bei yao ni juu kidogo, nami naona ni haki. Boliti ni ghali kuliko msumari.

Mwenyewe nimeandika namba kwa kalamu nyuma ya kila kipande. Mfuko wa skrubu zilizobaki na ule ufunguo wa chuma wenye pembe sita nimeufunga kwa kamba ndani ya kabati, juu kabisa, mahali ambapo mkono unafika gizani.

Jana jioni jirani yetu, mama mmoja aliyetoka upande wa Kitshanga na ambaye sasa anaishi na watoto wake nyuma ya uwanja wetu, alikuja kugonga. «Papa, samahani, nasikia una ule ufunguo mdogo wa kabati.» Nikamuuliza ana kabati gani. Akafungua kitambaa, akanionyesha boliti nane za kitanda, zimepakwa mafuta ya mawese zisishike kutu. Kitanda chenyewe kilibaki kule. Alitaka kujua tu kama ufunguo wangu unaingia.

Tulijaribu. Kwenye boliti sita uliingia.