Twiga Waliopanda Boti Baringo

Tarehe 2 Desemba 2020, twiga jike anayeitwa Asiwa alivuka Ziwa Baringo akiwa amesimama. Alikuwa juu ya chelezo cha chuma, na chelezo chenyewe kilielea juu ya mapipa 60 matupu huku boti ndogo zikikipeleka polepole hadi ng'ambo. Ile video ilizunguka dunia nzima. Wengi wetu tuliiona, tukacheka, tukashea, tukaendelea na maisha.

Mimi nilibaki na swali ambalo labda ni la kijinga: kwani twiga alifikaje kisiwani?

Kumbe hakuenda kisiwani. Mwaka 2011 twiga wanane walipelekwa Longicharo, ambayo wakati huo ilikuwa rasi tu, ardhi iliyoshikana na bara. Mwenyeji wao alikuwa hifadhi ya jamii ya Ruko, inayoendeshwa na Wailchamus na Wapokot pamoja. Jina lenyewe limeunganishwa kutoka Rugus na Komolion, maeneo ya jamii hizo mbili. Ukijua damu iliyomwagika kati yao kwa sababu ya mifugo na malisho, utaelewa kwamba twiga hawakuletwa kwa ajili ya watalii pekee. Walikuwa mali ya pamoja, kitu ambacho askari wa pande zote mbili wangekilinda bega kwa bega.

Na walikuwa wanarudi nyumbani. Twiga wa aina hii wameitwa twiga wa Baringo kwa zaidi ya miaka mia, ingawa vitabu vingi vinawaita wa Rothschild, jina la tajiri wa Kiingereza aliyekusanya wanyama waliokaushwa. Lakini Baringo kwenyewe walikuwa wametoweka, eneo likabaki na jina tu. Hata hawa wetu wa Nakuru, wale tunaopeleka wageni kuwaona mbugani, ni wahamiaji: wa kwanza waliletwa miaka ya 1970 kutoka upande wa Soy, karibu na Eldoret.

Kuwasili Baringo kuna historia ndefu. Karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu kutoka Pwani ilifika hapa baada ya wiki nyingi za kiu na woga. Jumbe Kimameta wa Pangani aliijua njia hii, na mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alifika akiwa na wapagazi wa Kiswahili. Vijiji vya Wailchamus, ambavyo wasafiri waliviita Njemps, vilikuwa kama bandari kwao. Wenyeji walichimba mifereji, wakamwagilia mtama na wimbi, na msafara uliojaa njaa uliweza kununua chakula na kupumzika.

Maji ndiyo yaliyowalisha. Maji hayohayo ndiyo yaliyoanza kupanda tangu mwanzoni mwa muongo uliopita, si Baringo tu bali Bogoria, Nakuru na Naivasha pia. Watu walitoa sababu nyingi, mpaka ardhi kupasuka chini, ila mvua nyingi milimani ndiyo iliyobeba lawama kubwa. Wakazi wa Nakuru tunakumbuka lango kuu la mbuga likimezwa, na Kihoto kule Naivasha watu wakiingia nyumbani kwa mtumbwi. Longicharo ilikatika, ikawa kisiwa kinachopungua. Askari wa Ruko wakawa wanawapelekea twiga chakula kwa boti.

Kumhamisha twiga si mchezo. Ukimlaza kwa dawa, anaweza kupaliwa na mate yake mwenyewe, na mwili uliojengwa kupandisha damu kwenye shingo ndefu vile hauvumilii kulala ovyo. Kwa hiyo wanajamii, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na washirika wao waliwahamisha mmoja mmoja, kwa miezi. Wa mwisho walivuka tarehe 12 Aprili 2021: Ngarikoni na ndama wake Noelle, aliyezaliwa hukohuko kisiwani. Jumla wakawa tisa.

Nafurahi walivuka, kwa kweli. Lakini siku hizohizo kulikuwa na familia za Baringo zilizokuwa zikibeba mabati na magodoro zenyewe, kutafuta pa kulala mbali na viboko na mamba waliosogea hadi mlangoni. Hakuna aliyezunguka dunia kwa video ya mama aliyebeba kitanda. Siwalaumu twiga. Tena Ruko ni ya watu walewale waliofurikiwa, na ndio waliowahi kuona kwamba twiga tisa wakifa maji, patakufa pia sababu moja ya Mpokot na Mchamus kufanya kazi pamoja.

Nilipofika Kampi ya Samaki, mwenye boti alizima injini mbali kidogo na ufuo. Migunga iliyokauka ilisimama majini, na katikati yake paa moja la nyumba. Aliniuliza kama nataka kupelekwa kuona twiga. Nikamwambia tungoje kidogo.