Ordinatere inakataa kuwaka: mambo ya kuangalia kabla ya kwenda kwa fundi

Katika miji yetu ya Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia, ordinatere moja ya kubeba inatumikia watu wengi. Ndani yake muko kazi ya mwisho ya mwanafunzi, ripoti za kituo cha afya, hesabu za shirika. Siku inakataa kuwaka, watu wanaikimbiza kwa fundi, na wengine wanarudishiwa mashine inayowaka vizuri lakini iko tupu. Shika jambo hili: mashine inaweza kufa na kazi yako ikabaki nzima, maana kazi inakaa ndani ya diski, na kwa mashine nyingi diski inatoka.

Hakuna taa hata moja

Anza na umeme. Chomeka simu kwenye prizi ileile uone kama inaingiza. Angalia waya wa chaja kama umekatika karibu na kichwa. Ukiazima chaja, soma maandishi ya nyuma: volti zilingane na za chaja yako, nyingi ni 19 ao 20, na ampea ziwe sawa ao zaidi.

Kisha toa chaja. Kama batri inatoka, itoe pia. Finya kifungo cha kuwasha kwa sekunde 30, halafu rudisha chaja peke yake na ujaribu. Hiyo inamaliza umeme mdogo uliobaki ndani, ambao mara nyingine unazuia mashine kuanza. Ikiwaka bila batri, tatizo linaweza kuwa batri. Batri iliyovimba usiitoboe wala usiichaji tena.

Taa zinawaka, kioo ni cheusi

Ingia mahali penye giza, mulika kioo kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, mwanga wa kioo ndio umekufa, mashine inatumika. Ao uiunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko, nakili kazi yako siku hiyohiyo. Isipotokea, pengine barete ya memori imelegea. Fundi anaitoa, anaisafisha na kuirudisha.

Maandishi yanatokea, haiendelei

Toa flashi na kila kitu kilichochomekwa, uwashe tena. Windows 10 na 11 zikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, zinaleta zenyewe ukurasa wa kujitengeneza. Chagua kutengeneza namna ya kuanza. Ikikuuliza kama ifute vyote, kataa. Ukisikia diski inagonga tik-tik, zima mara moja: kila kuwasha kunaweza kuiharibu zaidi.

Maji yakiingia

Usijaribu kuwasha. Chomoa chaja, toa batri kama inatoka, ipeleke ifunguliwe na kukaushwa.

Mbele ya fundi

Mwambie wazi: usiformati bila ruhusa yangu. Omba diski itolewe kwanza, iwekwe kwenye kisanduku cha USB na kazi inakiliwe kwenye mashine nyingine. Andikeni kwenye karatasi namba ya mashine, ukubwa wa diski na wa memori, mutie sahihi wote wawili. Fundi mzuri hakasiriki. Karatasi hiyo inamulinda yeye pia.

Kulinda ile inayowaka

Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, ngoja dakika chache, juu ya volti zinaweza kupanda na kushuka mwanzoni. Kwa jenereta pia, iwashe kwanza, itulie, ndipo uchomeke. Na kila juma, nakili kazi yako kwenye flashi ao diski ya nje, uiweke mbali na mashine. Mwizi akichukua begi, asichukue vyote viwili.