Ndizi za Gombe

Sisi tukaao Rusimbi twapajua Gombe, maana mashua zitokazo Kigoma kwenda kaskazini hupita mbele ya vilima vyake. Lakini si wengi wajuao kwamba sokwe wa msitu ule wametoa mifano mizuri ya jambo litupasalo sisi sote tuleao watoto: jinsi kiumbe ajifunzavyo.

Wataalamu walikuwa wamelichunguza jambo hilo mbali na kwetu. Katika Urusi Bwana Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliona kwamba mbwa hutokwa na mate kabla hajala, kwa kusikia tu sauti iliyozoea kuja pamoja na chakula. Kuku wa kwetu hufanya vivyo hivyo: hukimbilia mlio wa debe la pumba, wala hawajaona hata chembe. Lakini sauti ikirudiwa mara nyingi pasipo chakula, mate hukoma. Naye Bwana Edward Thorndike wa Marekani, mwaka 1898, alimfungia paka katika sanduku, na samaki akawekwa nje. Paka alihangaika hata akaugusa mtambo wa mlango kwa bahati, akatoka, akala. Kila alipofungiwa tena alitoka upesi zaidi. Tendo lililoleta faida hurudiwa. Lisiloleta kitu huachwa.

Basi, mwezi wa Julai 1960 Bibi Jane Goodall, Mwingereza, alishuka Gombe pamoja na mama yake. Kwa miezi mingi sokwe walimkimbia. Hakuwafuata kwa nguvu, bali alikaa mahali pa wazi siku baada ya siku, hata wakaona kwamba mtu yule hadhuru, na hofu ikapungua. Huko nako ni kujifunza, ijapokuwa hakuna aliyelipwa kitu.

Kisha dume mmoja mwenye ndevu za kijivu, aliyeitwa David Greybeard, akaja kambini kula matunda ya mchikichi yaliyoiva. Akaona ndizi mezani, akachukua. Bibi Jane akaagiza ndizi ziwe tayari daima. David akarudi, na wenziwe wakamfuata. Ndivyo ilivyoanza desturi ya kuwalisha, baadaye katika masanduku yaliyofunguliwa kwa mitambo kutoka mbali.

Hapo akatokea kijana mmoja, Figan. Sokwe akiona chakula kizuri hupiga kelele za furaha. Siku moja Figan alipewa ndizi, akapiga kelele, madume wakubwa wakaja wakamnyang'anya zote. Baadaye alipewa tena. Safari hii alinyamaza kimya, sauti ikamkwama kooni, akala kwa raha. Twawaomba walimu wenzetu na wazazi waifikiri habari hii. Maumivu hayakumwondolea Figan hamu ya ndizi, wala hayakumfundisha adabu yo yote, yalimfundisha kuficha. Mtoto apigwaye kila asemapo kweli ya kosa lake hujifunza somo lile lile, na sisi hudhani ametengenea kwa sababu tu hatusikii kitu.

Mwingine ni Mike. Wahenga husema debe tupu haliachi kuvuma, na Mike aliutumia uvumi huo. Mwaka 1964, akiwa dume wa cheo cha chini, aliokota madebe matupu ya mafuta ya taa kambini, akayasukuma mbele yake akiwashambulia wakubwa. Wakakimbia kwa mshindo ule. Kwa kuwa walikimbia, akarudia. Na kwa kurudia akampita Goliath, akawa mkuu wao wote. Madebe yalifichwa baadaye, lakini cheo hakikumtoka, maana wenziwe nao walikwisha kujifunza kumwogopa.

Lakini ndizi zilileta ugomvi. Sokwe walikusanyika wengi mahali pamoja kuliko desturi yao, na nyani wakaja kugombania masanduku. Mwaka 1974 Bwana Richard Wrangham aliandika jinsi ulishaji ule ulivyozidisha ukali wa wanyama hao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndizi zilikuwa zimepunguzwa sana, na sokwe wakapunguza kuja. Mwaka 2000 ulishaji ukakomeshwa kabisa. Mwalimu atoaye zawadi na aangalie anafundisha nini pamoja na lile alilokusudia.

Tena kuna ujuzi usionunuliwa kwa ndizi. Sokwe wa Gombe hutia ukoka au kijiti katika kichuguu, mchwa wakauuma, naye akauvuta akawala. Mama hamshiki mtoto mkono kumwonyesha, wala hampi malipo. Humwacha tu aketi karibu atazame na kuchezea vijiti. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto wa kike huijua kazi hii mapema kuliko wa kiume. Wale wa kike humtazama mama kwa muda mrefu, na hata namna yao ya kutia kijiti hufanana na yake. Wa kiume huenda kucheza.