Meli ya Liemba: toka vita mpaka kubeba wakimbizi

Kandokando ya Ziwa Tanganyika, toka Uvira mpaka Moba, wazee wengi wanajua jina la Liemba. Lakini si wote wanajua kama meli hii ilianza kazi yake katika vita.

Ilitengenezwa 1913 katika muji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya masanduku 5,000, ikapita Dar es Salaam, kisha treni ikaifikisha Kigoma. Iliingia majini tarehe 5 mwezi wa pili 1915. Vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imeanza, na Wajerumani ndio walitawala ziwa. Meli ilipewa muzinga wa milimita 105, uliotolewa kwa meli ya vita Königsberg, iliyoangamia katika muto Rufiji.

Upande wa Kongo, Wabelgiji hawakuwa na chombo cha kupambana nayo. Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou. Toka Fungurume zilivutwa kwa barabara kupita milima ya Mitumba, kisha zikashuka na muto Lualaba, na mwishowe zikafika Kalemie. Zilikamata meli Kingani mwezi wa kumi na mbili 1915, na mwezi wa pili 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann. Lakini ile kubwa hazikuigusa.

Wajerumani wenyewe ndio waliizamisha, tarehe 26 mwezi wa saba 1916, wakati walipokuwa wanakimbia Kigoma. Mbele ya kuizamisha, mafundi walipakaa mashini mafuta mazito ili kutu isiziharibu. Kazi hiyo ndiyo iliiokoa. Wabelgiji waliiinua, lakini ikazama tena. Waingereza wakaitoa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina jipya: Liemba, jina la zamani la ziwa.

Tangu hapo ilibeba watu na mizigo kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Mwaka 1997 ilirudisha kwao maelfu ya Wakongomani waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Mwaka 2015 ilitoa Warundi katika kijiji cha Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Meli iliyoanza kazi katika vita, mwishowe ndiyo ilivusha wale ambao vita iliwafukuza.